Mpiga kura wa posta apewe nafasi ya kurekebisha kasoro ya bahasha yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu upigaji kura kwa njia ya posta wakati wa janga la maradhi ya kuambukiza, jambo ambalo tangu uchaguzi wa Marekani wa mwaka 2020 limekuwa likizungumzwa kana kwamba lina swali moja tu, yaani kama njia hiyo inafungua mlango wa wizi wa kura au haiufungui. Swali hilo ni halali na nitalijadili hapa chini. Hata hivyo, naona limefunika swali jingine ambalo kwa maoni yangu ni zito zaidi: ni kura ngapi zilizopigwa na watu halali, kwa nia njema, ambazo hutupwa kwa sababu ya saini iliyobadilika, bahasha iliyosahauliwa au barua iliyocheleweshwa njiani? Hoja yangu ni kwamba nchi inayomwambia raia abaki nyumbani na kutuma kura yake haina haki ya kuikataa kura hiyo kabla ya kumjulisha mwenyewe na kumpa nafasi ya kurekebisha kasoro iliyoonekana.

Kwa wasomaji ambao hawajawahi kuiona, kura ya posta ina safari ndefu kuliko ile ya kituoni. Mpiga kura huomba karatasi ya kura, au katika baadhi ya majimbo ya Marekani hutumiwa bila kuomba. Huijaza akiwa nyumbani, huikunja na kuitia katika bahasha ya ndani isiyo na jina, kisha bahasha hiyo huitia katika bahasha ya nje yenye jina lake, anwani yake na mstari wa kutia saini. Ikifika katika ofisi ya uchaguzi, karani huishughulikia kwanza bahasha ya nje peke yake: huangalia kama jina limo katika daftari, kama saini ipo na inafanana na ile iliyohifadhiwa, na kama bahasha imefika ndani ya muda. Ikipita hapo, bahasha ya ndani hutolewa na kuchanganywa na nyingine ili asijulikane nani alichagua nini, na baada ya hapo ndipo karatasi huhesabiwa. Hatua hizi ziliwekwa kwa sababu za msingi, ama kulinda siri ya kura ama kumzuia mtu kumpigia mwenzake. Tatizo ni kwamba kura inaweza kukwama katika hatua yoyote kati ya hizo, na inapokwama mwenyewe hayupo.

Hapo ndipo inapotofautiana na kura ya kituoni. Mtu akiharibu karatasi yake kituoni, huirudisha kwa msimamizi na kupewa nyingine. Jina lake lisipoonekana mara moja katika daftari, karani humwomba kitambulisho tena na kuangalia ukurasa mwingine. Mtu akisimama mbele ya masanduku hajui karatasi ipi iingie wapi, huelekezwa. Hakuna anayeuita msaada huo upendeleo, kwa kuwa ndiyo kazi ya kila siku ya kituo cha kupigia kura. Mpiga kura wa posta hukosea makosa ya aina ileile, lakini kosa lake hugunduliwa baada ya siku kadhaa, mbali na yeye, na mtu ambaye katika majimbo mengi hakuwa na wajibu wowote wa kumpigia simu.

Ukubwa wa jambo hili haupimiki vizuri kwa kutazama asilimia peke yake. Takwimu za tume ya shirikisho inayosaidia uendeshaji wa uchaguzi nchini Marekani zinaonyesha kuwa mwaka 2020 takribani asilimia 0.8 ya kura za posta zilizorudishwa zilikataliwa, na sababu iliyoongoza ilikuwa saini kutofanana. Asilimia hiyo inaonekana ndogo mpaka mtu akumbuke kwamba takribani asilimia 43 ya wapiga kura walitumia posta mwaka huo, ilhali mwaka 2016 walikuwa takribani asilimia 21. Kura zilizokataliwa zilizidi nusu milioni. Katika uchaguzi huohuo, mshindi wa urais aliyapata majimbo matatu ya Arizona, Georgia na Wisconsin kwa tofauti ambayo, ukiijumlisha, haifiki kura 45,000. Sidai kwamba kura zilizotupwa zingebadilisha matokeo, na wala sijui zilielekea upande gani. Nasema tu kwamba hakuna mgombea wala chama ambacho kingekubali kura nusu milioni zitupwe vituoni huku wenyewe wamesimama pale wakitazama.

Niieleze Wisconsin kwa kirefu kidogo, kwa sababu huko janga liliikuta sheria haijajiandaa. Tarehe 7 Aprili 2020 jimbo hilo lilikuwa na uchaguzi wa mchujo wa urais pamoja na uchaguzi wa jaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo. Siku moja kabla, Gavana Tony Evers alitoa amri ya kuahirisha upigaji kura wa vituoni, mahakama ya jimbo ikaitengua siku hiyohiyo, na jioni Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba kura za posta zihesabiwe tu ikiwa zina muhuri wa posta usiopita siku ya uchaguzi. Jaji Ruth Bader Ginsburg, aliyekuwa upande wa wachache, alionya kuwa uamuzi huo ungewanyima watu wengi kura zao. Katika mji wa Milwaukee, ambako kwa kawaida hufunguliwa vituo takribani 180, siku hiyo vilifunguliwa 5 tu, kwa kuwa makarani wa vituo, ambao wengi wao ni wazee, waliogopa maambukizi. Watu walipanga foleni kwa saa nyingi wakiwa wamevaa barakoa. Miongoni mwao walikuwamo walioomba karatasi za posta mapema kama walivyoelekezwa na karatasi hizo hazikuwafikia, hivyo wakalazimika kuchagua kati ya afya yao na kura yao asubuhi ileile ya uchaguzi.

Zaidi ya hayo, sheria ya Wisconsin ilitaka bahasha isainiwe na shahidi ambaye ni mtu mzima. Mfikirie bibi kizee anayeishi peke yake, ambaye ameambiwa asipokee mgeni yeyote ndani ya nyumba. Karatasi ya kura iko mezani, kalamu anayo, anamjua anayemtaka, lakini hawezi kuijaza mpaka apatikane mtu wa kumtazama akiijaza na kisha kutia saini katika bahasha ambayo yeye ameishika kwa mikono yake. Maofisa wa uchaguzi walijaribu kusaidia kwa kushauri kwamba shahidi anaweza kusimama upande wa pili wa dirisha na bahasha ikapitishwa mlangoni. Nawapongeza kwa juhudi hiyo, lakini sharti linalohitaji ushauri wa namna hiyo lilipaswa kusimamishwa kwa muda wote wa janga, na badala yake ofisi ikampigia mpiga kura simu kuthibitisha.

Kuhusu saini, nadhani wengi wetu hatujawahi kukaa na kuzilinganisha saini zetu wenyewe. Saini iliyomo katika kumbukumbu za ofisi huenda iliwekwa miaka kumi iliyopita, na nyingine ziliwekwa kwa kidole au kalamu ya plastiki juu ya kioo cha mashine wakati mtu anachukua leseni ya udereva. Mzee aliyepata kiharusi haandiki tena kama alivyoandika alipojiandikisha. Aliyeolewa na kubadilisha jina ana saini mpya kabisa. Kijana ambaye kazi zake zote anazifanya kwa simu huenda hana saini moja iliyotulia. Uchunguzi uliofanywa katika majimbo kadhaa umeonyesha kwamba vijana na watu wanaotumia posta kwa mara ya kwanza ndio ambao kura zao hukataliwa zaidi, na wakati wa janga ni wazi kwamba wa mara ya kwanza watakuwa wengi mno. Mwaka 2018 mahakama ya shirikisho katika jimbo la New Hampshire ilibatilisha utaratibu wa kulinganisha saini uliokuwa ukitumika huko, katika kesi ambayo miongoni mwa walioifungua alikuwamo bibi mwenye umri wa zaidi ya miaka 90 asiyeona vizuri, ambaye kura yake ilikuwa imetupwa bila yeye kuambiwa. Mahakama haikusema saini zisiangaliwe. Iliona kwamba si haki kumnyima mtu kura kwa maoni ya karani asiye mtaalamu wa maandishi, bila taarifa wala nafasi ya kujieleza.

Pennsylvania ilitoa somo la bahasha. Tarehe 17 Septemba 2020, Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliamua kwamba kura iliyotumwa bila bahasha ya ndani isihesabiwe. Muda mfupi baadaye ofisa mmoja wa uchaguzi mjini Philadelphia aliwaandikia wabunge wa jimbo akionya kuwa kura zinazoweza kufika 100,000 zingeweza kupotea kwa sababu hiyo pekee, katika jimbo ambalo mwaka 2016 mshindi alipita kwa tofauti ya kura takribani 44,000. Kampeni kubwa ya kuwaelimisha wapiga kura ikafanyika na idadi ikawa ndogo sana kuliko ilivyohofiwa. Hilo ni jambo la kushukuru, lakini linathibitisha kwamba watu wakijulishwa hurekebisha, na tatizo halikuwa uzembe wao.

Sasa niingie katika wizi. Sisemi haupo. Mwaka 2018, katika jimbo la uchaguzi la 9 la Bunge huko North Carolina, mtu aliyekuwa akikodiwa na kampeni aliendesha mtandao wa watu waliokusanya kura za posta majumbani mwa watu, nyingine zikiwa hazijajazwa. Mgombea aliyeongoza alikuwa mbele kwa kura 905, na bodi ya uchaguzi ya jimbo ikakataa kuthibitisha matokeo na kuamuru uchaguzi urudiwe. Mjini Birmingham, Uingereza, madiwani 6 walivuliwa nafasi zao mwaka 2005 baada ya mahakama kuthibitisha udanganyifu wa kura za posta katika uchaguzi wa mwaka uliotangulia. Ufaransa iliifuta kura ya posta mwaka 1975 kwa sababu ya udanganyifu, na hadi leo raia wake asiyeweza kufika kituoni humpa mtu mwingine idhini ya kumpigia kura. Haya yote ni kweli na anayeyataja si mzushi.

Lakini tuangalie wizi huo ulipitia wapi. Huko North Carolina na Birmingham ulipita mikononi mwa mtu aliyejiingiza kati ya mpiga kura na sanduku: aliyebeba bahasha za wenzake, aliyezijaza au aliyezificha. Dawa yake ni kumwekea mipaka mtu huyo, kwa kuamua nani anaruhusiwa kubeba bahasha ya mwingine na ni ngapi, na kuweka masanduku ya kudondoshea kura yanayolindwa. Kumjulisha mpiga kura kwamba bahasha yake imefika hakumsaidii mwizi hata kidogo, bali humfichua. Bibi anayepata ujumbe kuwa kura yake imepokelewa, ilhali karatasi ya kura hajawahi kuiona, atapiga kelele siku hiyohiyo. Anayepata ujumbe kuwa saini yake haifanani, na hakutia saini mahali popote, atakuwa ndiye shahidi wa kwanza wa upelelezi. Kwa hiyo wale wanaotaka usalama wa kura na wale wanaotaka kila kura ihesabiwe wanapaswa kudai kitu kilekile, nami nashangaa kwamba hoja hii haisikiki.

Kuna pingamizi moja ambalo naliona gumu kuliko la wizi, nalo ni siri ya kura ndani ya nyumba. Kituoni mtu huingia katika kibanda peke yake, na hata akiwa amelazimishwa na mume, mwajiri, baba au kiongozi wa dini, hakuna atakayejua alichokifanya mle ndani. Mezani nyumbani hakuna kibanda. Mwenye nyumba anaweza kusimama nyuma ya mkewe na kumwonyesha mahali pa kuweka alama, na baada ya hapo kulamba bahasha mwenyewe. Wakati wa amri ya kutotoka nje hali hiyo huwa mbaya zaidi, kwa kuwa mnyonge amefungiwa na anayemwonea saa 24. Sina jibu kamili kwa hili, na sidhani kama lipo. Sweden imejaribu kulipunguza kwa kumruhusu mtu aliyekwisha kupiga kura mapema aende kituoni siku ya uchaguzi na kuibatilisha kura ya awali kwa kupiga nyingine. Wachache tu ndio watakaothubutu kutumia nafasi hiyo, lakini kuwepo kwake kunamnyima mlazimishaji uhakika, na kwa sababu hiyo peke yake ningependa iwemo katika kila sheria ya kura ya posta.

Kuhusu muda wa kuhesabu sitasema mengi. Florida iliruhusu bahasha zianze kushughulikiwa siku nyingi kabla ya uchaguzi, na usiku wa tarehe 3 Novemba 2020 matokeo yake yalikuwa yanajulikana. Sheria ya Pennsylvania haikuruhusu bahasha hata moja kufunguliwa kabla ya saa 1 asubuhi ya siku ya uchaguzi, na ingawa maofisa waliomba ibadilishwe, haikubadilishwa. Hesabu ikaendelea mpaka Jumamosi tarehe 7 Novemba ndipo mshindi akatangazwa na vyombo vya habari. Katika siku hizo nne uvumi ulienea kwa kasi, na ule uvumi haukwisha hata baada ya kesi takribani 60 kushindwa mahakamani na Georgia kuhesabu upya kwa mkono kura zake zipatazo milioni 5. Ucheleweshaji ulioweza kuzuiwa kwa mstari mmoja wa sheria uliwapa watu wengi sababu ya kushuku kazi iliyofanywa kwa uaminifu.

Samaki mkunje angali mbichi, na sheria za namna hii hutungwa kabla maradhi hayajabisha hodi. Oregon iliamua kwa kura ya wananchi mwaka 1998 kuendesha chaguzi zake kwa posta, na ilipofika mwaka 2020 makarani wake walikuwa na uzoefu wa zaidi ya miaka 20. Colorado humpa mpiga kura siku 8 baada ya uchaguzi kurekebisha kasoro ya saini. Jimbo la Bavaria nchini Ujerumani lilifanya duru ya pili ya uchaguzi wa serikali za mitaa tarehe 29 Machi 2020 kwa posta tupu, ndani ya wiki mbili tu tangu duru ya kwanza, na liliweza kwa sababu wananchi walikuwa wameizoea njia hiyo kwa miaka mingi. Poland ilitaka kufanya uchaguzi wa rais kwa posta tarehe 10 Mei 2020, lakini sheria yenyewe ilianza kutumika tarehe 9 Mei, siku moja kabla, wakati mamilioni ya karatasi yalikwisha kuchapishwa. Siku ya uchaguzi ikafika na vituo vikabaki vimefungwa, hakuna aliyepiga kura, na uchaguzi ukafanyika tarehe 28 Juni na duru ya pili tarehe 12 Julai. Nawaomba wabunge popote walipo wazitazame Bavaria na Poland kwa pamoja, kwa kuwa maradhi yalikuwa yaleyale, nchi zenyewe ni majirani, na kilichotofautiana ni maandalizi.

Ninachopendekeza kiwemo katika sheria hizo si kikubwa. Kwanza, tarehe ya mwisho ihesabiwe kwa muhuri wa posta na si kwa siku ya kufika, kwa maana mpiga kura hana mamlaka juu ya gari la posta. Nchini Marekani kwenyewe, mwaka huohuo wa 2020, mabadiliko ndani ya shirika la posta yalizua malalamiko ya ucheleweshaji hadi mkuu wake, Louis DeJoy, akatangaza mwezi Agosti kuyasitisha mpaka uchaguzi upite. Pia, kasoro yoyote isiyohusu utambulisho wa mtu, kama vile kusahau tarehe, isiibatilishe kura. Na saini ikitiliwa shaka, uamuzi usifanywe na karani mmoja, bali na watu wawili kutoka vyama tofauti, na mpiga kura ajulishwe kwa simu, ujumbe na barua, apewe siku zisizopungua 7 kuthibitisha kwamba bahasha ni yake.

Mwisho kuna wale ambao posta haiwafai kabisa, na wakati wa janga ndio wanaostahili kufikiriwa zaidi, yaani walioambukizwa siku chache kabla ya uchaguzi. Korea Kusini ilifanya uchaguzi wa Bunge tarehe 15 Aprili 2020 kwa kupima joto la kila anayeingia kituoni, kuweka vibanda tofauti kwa wenye homa na kuwaruhusu waliokuwa karantini kupiga kura baada ya vituo kufungwa saa 12 jioni, na waliojitokeza walifika asilimia 66.2. Hata hivyo, upigaji kura wa raia wake walio ng'ambo ulisimamishwa katika nchi zaidi ya 50. Ujerumani ina kifungu ambacho ningependa kila tume ya uchaguzi ikisome: mtu aliyeugua ghafla anaweza kuomba karatasi ya kura ya posta hadi saa 9 alasiri ya siku yenyewe ya uchaguzi, na mtu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi anaweza kuichukua kwa niaba yake na kuirudisha kabla vituo havijafungwa. Kifungu hicho kinahitaji ofisi moja iliyo wazi, karani mmoja aliyebaki zamu na jirani mmoja mwenye barua ya idhini, na nchi yoyote yenye uwezo wa kuendesha uchaguzi inao uwezo huo.

Wako katika ujenzi wa demokrasia,

Msomaji wako wa kila siku